Shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa njia ya mtandao: naomba ushauri kabla sijalipa ada

Mratibu_Katavi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni afisa muuguzi mwenye shahada ya kwanza. Nina miaka sita kazini katika halmashauri moja ya mkoa wa Katavi, na mwaka juzi nilikabidhiwa uratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto. Kila mwisho wa mwezi vituo huniletea taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, nami huzijumlisha na kuzipeleka mbele, lakini nakiri kwamba mara nyingi nazipeleka bila kujua zinasema nini. Katika kitabu cha 6, ambacho ni rejesta ya wajawazito, wengi wameandikishwa hudhurio la kwanza la kliniki mimba ikiwa imefika wiki 20 na zaidi, ilhali wanatakiwa kufika kabla ya wiki 12. Nikiulizwa kikaoni kwa nini iko hivyo, jibu langu ni lile lile la kwamba jamii haina elimu, na mimi mwenyewe haliniridhishi.

Ndiyo maana nataka kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Siwezi kuhamia Dar es Salaam, kwa kuwa nina watoto wawili wadogo na mwenzangu anafanya kazi mkoa mwingine, hivyo njia iliyobaki ni kusoma kwa mtandao. Naomba mnisaidie katika mambo matatu: shahada ya namna hiyo inatambuliwa na mwajiri wa serikali? Mtu mwenye kazi na familia anaimudu kweli? Na je, mtu aliyeachana na hesabu tangu kidato cha nne ataziweza takwimu?

Tabibu_wa_Nyanda amejibu:

Dada Mratibu, pole na majukumu. Nilisoma kwa njia hiyo nikiwa hospitali ya wilaya, nikamaliza mwaka wa nne, kwa hiyo nitaeleza yale niliyoyapitia mwenyewe.

Nianze na muda, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Shahada ya uzamili ya Uingereza huwa na krediti 180, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, yaani saa 1,800 kwa jumla. Ukiweza kutenga saa 12 kwa wiki bila kukosa, hizo ni wiki 150, karibu miaka mitatu. Chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine, ambacho kozi zake za masafa (za kusoma ukiwa mbali na chuo) zimekuwa zikitolewa pamoja na University of London, kinampa mwanafunzi hadi miaka mitano, na ada unaweza kuilipa somo kwa somo. Utaratibu huo ndio unaomfaa mtu wa mshahara, kwa maana ukipata mwaka mbaya unapunguza masomo badala ya kuacha. Mimi nilikuwa nikiamka saa 10 alfajiri, nasoma mpaka saa 12, kisha naanza siku. Vipindi vya moja kwa moja vinavyoanza saa 12 jioni ya London huangukia saa 3 usiku kwetu wakati wa majira yao ya baridi, nami nilivihudhuria vichache tu. Vilivyorekodiwa nilivipakua kwa bando la usiku nikavisikiliza umeme ukiwa umekatika.

Kuhusu takwimu, ondoa hofu. Hakuna atakayekutaka ukariri kanuni. Kompyuta itakokotoa, tena kwa programu zisizolipiwa kama R, na kazi yako ni kujua umeuliza nini na jibu lina maana gani. Swali lililonibadilisha ni fupi kuliko yote: kati ya wangapi?

Nitoe mfano. Halmashauri yetu ilikuwa ikipongezwa kila robo mwaka kwa chanjo ya surua kuvuka asilimia 100, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Nilipofika kwenye somo la vipimo vya ugonjwa, nikajiuliza asilimia inawezaje kuvuka mia. Nikaenda zahanati mbili za mpakani, nikakaa na muuguzi tukapitia rejesta ukurasa kwa ukurasa. Tukakuta kwamba idadi ya watoto walengwa ilitokana na makadirio ya sensa ya 2012, ambayo hayakuwa na familia za wafugaji zilizohamia baadaye, na kwamba akina mama wa wilaya jirani walikuwa wakivuka mto kuja kuchanja kwetu. Kwenye ripoti tulikuwa tumechanja kupita lengo, lakini mashinani kulikuwa na kitongoji kizima ambacho watoto wake hawakuwa katika kitabu chochote. Tulipeleka huduma ya mkoba huko, yaani wahudumu kuwafuata watoto kitongojini, mwezi uliofuata. Kwangu mimi, thamani ya ile shahada iko kwenye zile rejesta mbili, na nisingezifungua kama ningekuwa bwenini nasoma mbali na kituo changu.

Mama_Kilifi amejibu:

Shukrani kwa Daktari kwa maelezo hayo. Mimi nitajibu swali la kwanza, kwa kuwa nimeona mwenzetu akiumia.

Mfanyakazi mwenzangu alijiunga na chuo kimoja cha ng'ambo ambacho tovuti yake ilikuwa imejaa picha nzuri na ahadi ya kumaliza kwa miezi minane. Alilipa ada yote kwa mkupuo mmoja ili apate punguzo. Alipopeleka cheti kikaguliwe ndipo ilipobainika kwamba bodi iliyodaiwa kukiidhinisha chuo hicho haitambuliwi na serikali ya nchi kilipo chuo. Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na deni la chama cha akiba na mikopo alilibeba kwa miaka miwili iliyofuata. Inaniuma mpaka leo kwa sababu dada yule alikuwa na bidii kutushinda sote.

Kwa hiyo, Dada Mratibu, usianze na ada wala urefu wa kozi. Anza kwa kuuliza ni nani aliyekipa chuo hicho mamlaka ya kutunuku shahada. Huko kwenu Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotathmini shahada za nje, nawe unaweza kuiandikia kabla hujalipa chochote. Kwa vyuo vya Marekani, baraza linaloitwa CEPH huidhinisha shule na programu za afya ya jamii na kuweka orodha yake wazi mtandaoni. Linataka shahada ya uzamili isipungue krediti 42 za muhula (huhesabiwa tofauti na zile za Uingereza) na mwanafunzi afanye kazi ya vitendo. Ukiona kozi haina mazoezi ya vitendo wala andiko la mwisho, jihadhari nayo. Baada ya hapo muone afisa utumishi wako, uombe ruhusa ya masomo kwa maandishi, hata kama hutaondoka kituoni. Kwa nilivyoona, mtu aliyesoma kimya kimya hupata shida pale anapotaka cheti chake kiingizwe kwenye jalada lake la utumishi.

Msomi_Upanga amejibu:

Naongeza machache. Msitazame Ulaya na Marekani peke yake. Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa na shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa masafa, ambayo mwanafunzi huenda Kampala kwa vipindi vifupi na muda mwingine hubaki kazini kwake. Na Muhimbili wana mkondo wa watu walio kazini, ingawa huo unamfaa zaidi aliye Dar es Salaam.

Kwa upande wa fedha, Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola iliyoko Uingereza imekuwa ikitoa ufadhili mahsusi kwa kozi za masafa, kwa wananchi wanaoishi katika nchi zinazoendelea za Jumuiya hiyo. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Wenzetu wa Burundi na Kongo wanaosoma jukwaa hili itabidi watafute kwingine. Maombi hupitia kozi zilizoteuliwa tu, kwa hiyo angalia orodha yao kwanza, kisha ndipo uchague chuo.

Mratibu_Katavi ameandika:

Nawashukuru sana, nyote mmenijibu kama ndugu. Jumatatu naandika barua mbili, moja ya TCU na nyingine ya afisa utumishi. Swali moja limebaki: kama andiko langu la mwisho litahusu kuchelewa kwa hudhurio la kwanza, je, naweza kuanza sasa kupiga picha kurasa za kitabu cha 6 ili data iwe tayari?

Tabibu_wa_Nyanda amejibu:

Hapana, dada, usipige hata ukurasa mmoja. Kitabu kile kina majina ya akina mama, umri wao, kijiji na majibu ya kipimo cha VVU, na kukishika kazini kila siku hakukupi ruhusa ya kukitumia kwa utafiti. Utahitaji kibali cha maadili cha chuo chako, kibali cha maadili cha hapa nchini kama kile cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na idhini ya Mkurugenzi wa halmashauri. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anza maombi ya vibali mapema, maana mimi vilinichukua miezi mitano, muda ambao sikuwa nimeuweka kwenye hesabu zangu.

Unachoweza kufanya tangu wiki hii ni kazi ambayo tayari ni yako. Ukienda kwenye usimamizi shirikishi, yaani ziara za kukagua na kuelekeza vituo, keti kliniki ya wajawazito asubuhi moja, uangalie mama anayekuja kwa mara ya kwanza anapitia nini: ametembea kwa muda gani, amesubiri wapi, ameambiwa aje na nani. Kwetu, zahanati moja ilikuwa ikiwarudisha nyumbani waliokuja bila waume zao, na rejesta haikuwa na safu ya kuandika jambo hilo. Wakirudi mimba ikiwa na miezi mitano, ndiyo hudhurio lao la kwanza kwenye kitabu.