Viazi vikuu vinavyozaa juu ya mti: nipande nusu eka? Ushauri, wakuu

Ngosha_Buswelu: Wakuu, kwema? Kiwanjani kwangu kuna mwembe umetambaliwa na mmea jamii ya viazi vikuu. Majani kama moyo, na vijiazi vinaning'inia jani linapoungana na shina. Nataka kupanda vuli hii. Soko la Mwanza likoje? Nimeweka picha mbili.

MamaUkerewe: Marehemu bibi alivipandisha kwenye mkuyu, tunakula na sato. Siku hizi hata huyo sato tunamwangalia tu sokoni.

BwanaShamba: Vile vya juu ndiyo mbegu. Tuta, samadi, mti wa kutambalia, mvua zikianza. Miezi 8 hadi 10 unachimba. Ila vya porini ni vichungu na vina sumu ya ini. Umeonja?

Ngosha_Buswelu: Vichungu kidogo. Lakini si vya kula, ni dawa.

BwanaShamba: Anakunywa nani?

Ngosha_Buswelu: Tuko kwenye kilimo, mkuu.

BwanaShamba: Anakunywa nani?

Ngosha_Buswelu: Mama mkwe, ana sukari. Kikombe asubuhi na jioni. Anaendelea vizuri, ila mkojo umekuwa kama soda nyeusi. Na kuna watu wameshatanguliza hela ya unga wake, nimelipia fundi kisima. Wazee walitibiwa na nini kabla ya hospitali?

Nesi_Igoma: Acha kumpa leo hii. Angalia macho kama yana unjano. Mpeleke hospitali ya Bugando akapimwe ini, na kiazi chenyewe kibebe.

Mtemi: Mkwe akiondoka, mahari inarudi? Nauliza tu.

Mlokole: Tamaa hiyo, ndugu. Rudisha hela za watu.

Ngosha_Buswelu: Mbona wazungu wanatoa vidonge vya uzazi wa mpango kwenye viazi hivi?

Nesi_Igoma: Ilikuwa jamii yake ya Mexico, homoni zilianza kutengenezwa kwayo miaka ya 1940, na ni kazi ya maabara. Mwili wako hauwezi kuifanya, sufuria ndiyo kabisa.

Kaka_Kisesa: Chai hii. Picha ya kwanza shina la duara, limejisokota kushoto. Ya pili lina pembe nne zenye mabawa, limejisokota kulia. Mimea miwili hiyo. Mwembe uko wapi?

Ngosha_Buswelu: Ya pili ni ya jirani. Simu iliisha chaji.

Mtemi: Mkwe naye chaji?

BwanaShamba: Cha jirani ndicho kiazi kikuu chenyewe cha kula.

MamaUkerewe: Huyo jirani anauza mbegu? Njoo PM.