Naomba ushauri: niache kazi ya kudumu ili nigombee udiwani Lamu mwaka 2027?

Binti wa Amu

Asalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu. Huu ni mwaka wa tisa nasomesha chekechea hapa Amu, yaani mji wa Lamu, Kenya. Nimeajiriwa na serikali ya kaunti kwa kazi ya kudumu yenye pensheni, na tangu Ramadhani iliyopita majirani wamenishikilia nigombee kiti cha mwakilishi wadi katika uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Wazee wetu bado wanakiita kiti hicho udiwani, ijapokuwa mabaraza ya madiwani yalikwisha mwaka 2013, nami nitatumia neno lao. Wadi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kisiwa ni kidogo na simkusudii mtu.

Chanzo cha maneno yote ni mtaro. Unapita chini ya dirisha la darasa letu, umeziba, na mvua ya masika ikishika maji machafu hupanda mpaka kizingitini, watoto wakawa wanavuka kwa kukanyaga vipande viwili vya matumbawe nilivyovipanga mimi na mzee jirani. Siku moja mtoto wa miaka minne aliteleza. Yeye tulimdaka, lakini kiatu chake kimoja cha mpira kilikwenda na maji. Jioni mama yake alikuja, akakaa kwenye baraza ya nyumba yetu, akaniambia, "Mwalimu, barua umeshaandika tatu. Sasa andika jina lako."

Kinachonitatiza ni kwamba mtumishi wa umma hutakiwa kuacha kazi miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, na wakati huo nitakuwa sijui kama nina tikiti ya chama au sina. Kiongozi mmoja wa chama ambacho pia sitakitaja amenidokeza kwamba tikiti inapatikana, ila nisije mkono mtupu. Na mtoto wa ami yangu anaitaka tikiti hiyohiyo. Mshahara wangu unalisha watu watano. Mama hajakataa wala hajatoa radhi. Kila nikianzisha maneno haya huniuliza kama chai imeshachujwa.

Je, nisubiri chama, au niingie kama mgombea huru? Na iko njia ya kujipima kabla sijaitupa kazi?

Karani wa Zamani

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nimefanya kazi ya ukarani katika vituo vya kura mwaka 2017 na 2022, kwa hivyo nitasema ninayoyafahamu.

Kwanza tarehe. Sheria ya Uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi, maana yake kwako ni tarehe 10 Februari 2027, na mimi ningekushauri barua ifike na kupigwa mhuri kabla Januari haijaisha. Utasikia watu barazani wakisema kwamba sharti hilo limekwishapingwa mahakamani na kwamba unaweza kulipuuza. Usijenge riziki ya watu watano juu ya kesi ya mtu mwengine. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilitangaza tarehe 9 Februari kuwa ndiyo mwisho, na waliotaka viti waliacha kazi. Tena Katiba yenyewe, katika kifungu cha 193, inamzuia mtumishi wa umma kuchaguliwa kuwa mwakilishi wadi, kwa hivyo hakuna ujanja wa kubaki na chaki mkono mmoja na kampeni mkono wa pili.

Pili, ukitaka kuwa mgombea huru, Katiba inakutaka usiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi yako. Nakuomba leo hii uingie kwenye ukurasa wa Msajili wa Vyama kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ulitazame jina lako. Wako wengi waliokuta wameandikwa katika vyama ambavyo hata ofisi zake hawazijui. Ukijikuta humo, andika barua ya kujitoa, na nakala yake iweke mahali mchwa hawafiki.

Ada ya tume si mzigo: kwa udiwani imekuwa shilingi 5,000, na wanawake hulipa nusu yake. Gharama iko kwengine.

Mama Samaki, Malindi

Gharama iko kwenye sukari, na hilo Karani amelipita kwa adabu.

Mwanangu, kaka yangu aligombea kama huru mwaka 2022 katika wadi moja ya huku kwetu. Waliomtilia sahihi walizidi mia tano. Kura zilipohesabiwa alipata mia tatu na kitu. Hawakumdanganya, naamini siku ile walipotia sahihi walikuwa wakimaanisha. Lakini wiki ya mwisho ilipita gari nyumba kwa nyumba na kilo mbilimbili za sukari na leso za rangi ya chama, na kaka yangu alikuwa na karatasi zenye picha yake tu. Alikataa kugawa, na alifanya vyema kukataa, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu mtoa hongo na mpokeaji kuwa wakosaji sawa, na adhabu yake inaweza kufika shilingi milioni mbili au kifungo cha miaka sita, au vyote pamoja. Hata pilau ya kumvutia mpiga kura inaweza kukuingiza humo. Sheria ipo, aliyemwona mtu akifungwa kwa ajili ya sukari anyooshe mkono.

Kuhusu huyo kiongozi anayekutaka usije mkono mtupu, mimi nisingemrudia. Anayekuuzia tikiti leo atamuuzia na mtoto wa ami yako kesho, kisha mtakuja kulaumiana nyinyi kwa nyinyi kwenye harusi na matanga, naye hayuko.

Jambo moja dogo ambalo kaka yangu alilijutia ni alama. Mgombea huru huchagua alama yake mwenyewe na kuipeleka kwa tume siku 21 kabla ya uteuzi. Yeye alichagua mashua. Katika mji wa wavuvi ilionekana ni busara, lakini kwenye karatasi ya kura mashua ilitoka kama kijiti chenye kitambaa, na bibi yetu mzaa baba, ambaye hasomi, alirudi nyumbani akiwa hana hakika amemchagua nani. Chagua kitu ambacho mtu wa miaka themanini atakitambua bila miwani.

Nahodha Mstaafu

Bi Mwalimu, mimi ni mzee wa Amu na nitakuuliza swali ambalo hawa wawili hawakukuuliza. Unataka mtaro au unataka kiti?

Diwani hajengi mtaro. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinamkataza mwakilishi wadi kujiingiza katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, kwa njia ya wazi au ya kificho. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuwahoji watendaji, na kuyafikisha maneno ya watu wake bungeni. Watu hawalijui hili, ndiyo maana kila baada ya miaka mitano wanamchagua mtu kwa ahadi ya kisima kisha wanamtukana kwa kukosa kuchimba.

Maji machafu, taka, barabara za kaunti, masoko, chekechea na gati za vyombo vyetu vya baharini ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Nyongeza ya Nne ya Katiba, kwa hivyo mlango uliobisha ni wenyewe, ila wakati haukuwa wenyewe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze Julai. Barua inayofika Mei, mvua ikiwa imeshaanza kumwagika, hukuta fedha zimekwisha gawanywa. Mkutano wa kutoa maoni ya umma uko wazi kwa kila mkaazi, nawe unaweza kwenda ukiwa bado mwalimu, na wazazi thelathini nyuma yako, kila mmoja amemshika mwanawe mkono. Na kama mtaro uko ndani ya Mji wa Kale, kumbuka kwamba ni urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Wenye kuhifadhi mji watataka kujua mnachimba wapi, basi waitwe mapema.

Lakini ukinijibu kwamba unataka kiti kwa ajili ya mtaro huu na mengine yajayo, basi nitakupa sababu ya kukitaka. Kilifi ina wadi 35. Sisi Lamu tuna 10, tatu Lamu Mashariki na saba Lamu Magharibi. Katika bunge lenye wajumbe kumi wa kuchaguliwa na wachache wa kuteuliwa, mtu mmoja asiyefungwa na chama anaweza kuwa ndiye anayeamua hoja ipite au ianguke. Watakuja kukubembeleza uingie chamani. Jihadhari: mwakilishi aliyechaguliwa kama huru akijiunga na chama hupoteza kiti chake.

Kijana wa Langoni

Dada, kwa nini usiombe kuwekwa kwenye orodha ya wanawake wa kuteuliwa? Katiba inaweka viti vya ziada bungeni ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Hutahitaji kampeni wala sukari.

Mama Samaki, Malindi

Orodha hiyo hutengenezwa na vyama, mwanangu, na viti hugawanywa kulingana na viti ambavyo chama kimeshinda. Mgombea huru hana orodha. Utamrudisha kwa yuleyule aliyemwambia asije mkono mtupu.

Binti wa Amu

Nawashukuru nyote. Nimeangalia eCitizen usiku huohuo, na Karani alikuwa na haki: nimeandikwa katika chama ambacho sijawahi kuhudhuria hata mkutano wake mmoja. Barua ya kujitoa nimeshaipeleka.

Nahodha, swali lako lilininyima usingizi. Nataka vyote viwili, lakini nimekubali kwamba mtaro hauwezi kungoja Agosti 2027.

Kuhusu kujipima, nilichukua daftari la darasani la kurasa 96 nikaanza kuandika majina ya watu ambao ninaamini wataniunga mkono, mtaa kwa mtaa. Nilifika 340 bila taabu. Kisha nikaanza kuwauliza walipojiandikisha kupiga kura, nikakuta 61 kura zao ziko Mombasa, kwa sababu walijiandikisha wakiwa kazini huko, na wengine 38 wako katika wadi ya pili. Nimebaki na 241. Je, nianze kuwatilisha sahihi sasa hivi, nikifika 500 ndipo niandike barua ya kuacha kazi?

Karani wa Zamani

Usianze, Mwalimu. Ukiwa bado unalipwa na umma, kutembeza karatasi ya kuungwa mkono ni siasa, na mtumishi wa umma anatakiwa asiegemee upande wowote. Mtu mmoja asiyekupenda atapiga picha ya karatasi hiyo, na utapoteza kazi kwa fedheha badala ya kuiacha kwa heshima yako. Daftari lako ni hesabu yako binafsi, libaki kabatini. Sahihi zikusanywe baada ya kujiuzulu, kwa fomu za tume.

Ila hesabu hiyo imekufaa kuliko unavyodhani. Hao wa Mombasa na wa wadi ya pili wanaweza kuomba kuhamisha kituo kwenye ofisi ya tume, nao waamue wenyewe. Hao 241 ndio mtaji wako halisi, na kumbuka kwamba 500 zinakufikisha kwenye karatasi ya kura tu. Huhitaji mawakala wa kuwalipa kila siku. Unahitaji mmoja mwaminifu katika kila kituo, kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na kila wakala asitoke bila nakala ya Fomu 36A, yaani fomu ya matokeo ya kituo, iliyotiwa sahihi. Kesi za udiwani hupelekwa kwa hakimu ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, na bila fomu hizo utakwenda na machozi tu.

Nahodha Mstaafu

Mimi ningeweka tarehe. Ikifika tarehe 31 Desemba na daftari halijafika majina 800 ya watu wenye kura katika wadi yako, baki darasani na upiganie mtaro kwenye bajeti. Nasema 800 kwa kuwa nimemsikia Mama Samaki.

Binti wa Amu

Nimeikubali tarehe hiyo na nimeiandika kwenye jalada la daftari. Mtoto wa ami yangu nitamwendea mwenyewe kabla ya Ijumaa, asije akayasikia kwa watu. Wazazi 22 wamekubali kuja nami kwenye kikao kijacho cha maoni ya bajeti, na mama wa yule mtoto amesema atakuja na kile kiatu kilichobaki.

Mama nilimsomea majibu yenu yote baada ya Isha. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza kama barua ya kuacha kazi huandikwa kwa mkono au kwa mashine. Sijajua bado kama hiyo ndiyo radhi.