Naomba ushauri: mteja amekataa kulipia kazi tuliyoongeza kwa mdomo

Ndugu wanachama, hamjambo. Nina karakana ndogo ya kuchomelea vyuma hapa Nakuru. Mkataba tuliotia sahihi ulikuwa wa geti na madirisha kwa shilingi 180,000, lakini kazi ikiendelea mteja alifika mwenyewe, akaligonga bati la geti kwa vidole, akasema ni jepesi, akaagiza niweke la geji 14, ambalo ni nene zaidi, badala ya 16 na kuongeza dirisha la jikoni. Bei tukaafikiana papo hapo, vijana wangu wawili wakisikia. Sasa geti limeshafungwa kwake, na analitumia bila lalamiko lolote, ila amelipa kilichoandikwa tu na kuikana nyongeza ya shilingi 46,000.

Nimemtumia ankara mpya pamoja na risiti za duka la vyuma. Amezisoma kwenye WhatsApp, akanyamaza. Ninafahamu kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Je, ushahidi wa vijana wangu na hizo risiti utatosha, ikiwa mkataba wenyewe hausemi lolote kuhusu mabadiliko? Na barua ya madai ninaweza kuiandika mwenyewe, au ni lazima ipitie kwa wakili?