Tuta la jirani linatumalizia ufuo Kunduchi

BintiPwani: Jamani, kusini mwa kiwanja cha mama hapa Kunduchi, Dar es Salaam, jirani amejenga tuta la mawe kuingia baharini. Kwake mchanga umejaa, kwetu minazi inaanguka, mizizi nje. Fundi anasema nasi tujenge letu. Nimsikilize?

MzeeNgalawa: Pole sana mwanangu. Kusi inapiga mawimbi mshazari, mchanga unatembea kwenda kaskazini. Tuta linaukamata njiani, na aliye kaskazini, yaani nyinyi, hapati kitu. Mkijenga, mtamhamishia msiba anayefuata.

Mhandisi_K: Shikamoo mzee, ni kweli kabisa. Lomé, Togo, bandari ya miaka ya 1960 ilizuia mchanga, pwani ya mashariki ikaliwa na bahari hadi mji wa Aného. Hata ukuta wima si dawa: wimbi linagonga, linarudi, linachimba msingi. Tena Kunduchi mchanga wa mito ya Tegeta na Mbezi, uliolisha ufuo, umechimbwa mno kwa ujenzi. Hilo linaniuma! Dada, nendeni serikali ya mtaa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, mdai ufuo wote utazamwe pamoja.

BintiPwani: Asanteni. Fundi namsimamisha. Mama anataka kwanza tuongee na wa kaskazini, wavuvi wanaoegesha ngalawa pale.