Ukungu unarudi ukutani kila ninapopaka rangi: nifanye nini?

Muulizaji:
Ndugu zangu, naombeni msaada. Katika chumba wanamolala watoto wangu, ukuta wa nje ulio nyuma ya kabati umeota ukungu mweusi kuanzia pembeni, chini, hadi usawa wa kiuno. Niliusugua kwa brashi kavu, nikafuta kwa maji ya sabuni, kisha nikapaka rangi mara mbili. Haikupita miezi miwili, vidoa vikajitokeza tena, vidogo kama ncha ya kalamu, na rangi ikaanza kuvimba na kubanduka. Nguo za kabatini zinanuka uvundo hata zikiwa zimetoka kufuliwa. Kinachoniumiza zaidi ni mwanangu mdogo, ambaye ana pumu na hukohoa usiku kucha akilala humo. Je, ipo dawa au rangi ya kuumaliza kabisa?

Fundi wa lipu:
Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya kutafuta dawa, tafuta maji. Vijimbegu vya ukungu vimo katika hewa ya kila nyumba, lakini havioti mpaka vikute unyevu; ukipaka rangi juu ya ukuta wenye maji, kuvu huendelea kukua chini yake na kuisukuma mpaka ibanduke.

Fanya jaribio hili. Futa sehemu ndogo ya ukuta ikauke, bandika kipande cha nailoni chenye ukubwa wa karatasi ya daftari, ziba pande zote nne kwa utepe wa gundi, rudisha kabati mahali pake, na usikiguse kwa siku mbili. Ukikuta matone kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe: huenda bomba linavuja, au unyevu unapanda kutoka ardhini, na huu wa ardhini mara nyingi huacha unga mweupe wa chumvi kwenye lipu. Matone yakiwa upande wa nje wa nailoni, ujue ni mvuke wa chumbani unaogeuka maji unapogusa ukuta wa baridi.

Mama wa watoto wanne:
Naomba niongeze kuhusu usafishaji, kwa sababu kusugua ukungu ukiwa mkavu ni kuvirusha vijimbegu hewani ili mtoto avivute. Mhamishe mtoto kwanza, vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, fungua dirisha, kisha lowanisha ukuta ndipo usugue kwa maji na sabuni. Ukitumia dawa ya klorini, nakusihi usiichanganye kamwe na siki wala na kisafishio chenye amonia, maana hutoa gesi yenye sumu. Kunyunyiza dawa na kuondoka hakutoshi pia, kwa kuwa hata ukungu uliokufa unaweza kuleta mzio. Ni lazima ufutwe, utoke. Eneo likizidi takriban mita moja ya mraba, au lipu ikibonyea kwa kidole, mwite fundi. Na kikohozi hicho, tafadhali, kionwe na daktari.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Leo nimetoa kabati: ndani ya nailoni ni pakavu, lakini upande wa nje umejaa matone hadi yanateleza. Unga wa chumvi sikuuona. Nakiri kwamba nguo mbichi huwa tunazianika chumbani humo usiku, dirisha likiwa limefungwa.

Fundi wa lipu:
Basi chanzo umekipata, na hakihitaji kuvunja ukuta. Nguo hizo zianikwe nje, au angalau mahali penye upepo. Kabati lisogeze mbele kama sentimita 10 ili hewa ipite nyuma yake, na fungua dirisha kila asubuhi. Ukiweza, weka kipimo cha unyevu wa hewa: usizidi asilimia 60, na kati ya 30 na 50 ndiyo bora zaidi. Kitu chochote kikilowa chumbani, kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujapata nafasi ya kuota. Rangi iliyobanduka ikwangue ikiwa imelowanishwa, safisha kama dada alivyoeleza, na usipake mpya mpaka ukuta ukauke kabisa. Kabla ya kupaka, rudia jaribio la nailoni. Likitoka kavu pande zote mbili, paka.