Gereji iliyodai kuisasisha Triumph ya marehemu baba imenirudishia pikipiki ya kutoboa pistoni

Ndugu wanajamvi, asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Nawaandikia kutoka Malindi, na mbele yangu, juu ya gazeti kuukuu, imelala pistoni ya silinda ya kushoto ya Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1969 aliyoniachia marehemu baba. Kichwani mwake pana tundu linaloingia ncha ya kidole changu cha mwisho, na kingo zake zimeyeyuka na kujikunja mithili ya nta. Plagi yake imekuwa nyeupe kama chokaa, na kwenye kauri yake vimeganda vijitone vya alumini, ambavyo ni mabaki ya pistoni hiyo hiyo. Gereji ya Nairobi iliyonifikisha hapa sitaitaja kwa jina, ila waliyoyatenda nitayaeleza bila kuwasitiri.

Nakiri kwamba wazo la kuisasisha lilikuwa langu mwenyewe. Platini zake mbili, zile ncha zinazokata na kuunga umeme ili cheche iruke, zilikuwa zikinilazimu kuzisafisha na kuzipima upya kila mara, maana nafasi yake inatakiwa iwe inchi 0.015 tu, na hewa ya chumvi ya huku kwetu haina simile na chuma chochote kilicho wazi. Springi za kifaa cha kusogeza cheche mbele, yaani kuiwahisha injini ikienda kasi, zilikuwa zimelegea. Kabureta zake mbili za Amal Concentric, ambazo zimesubiwa kwa aloi ya zinki, zililika ndani hadi injini ikashindwa kutulia inapoachwa ingurume yenyewe. Kwa hiyo sina ugomvi na vifaa vipya. Niliagiza kisanduku cha cheche cha elektroniki kichukue nafasi ya platini, na kabureta mbili za Mikuni za milimita 30, nikaipakia pikipiki kwenye lori, nikalipa shilingi 118,000 za ufundi na vipuri, na kwenye risiti yao wakaandika wenyewe kwa kalamu ya bluu: “Inarudi Malindi.” Maneno hayo mawili yakumbukeni.

Kisanduku cha kwanza kiliungua siku waliyokifunga. Pikipiki za Kiingereza za enzi hizo huunganisha upande chanya wa betri kwenye fremu, kinyume cha pikipiki tulizozizoea leo, na fundi aliunga waya kwa mazoea bila kufungua kijitabu cha maelekezo. Cha pili nilikilipia mimi. Nilinyamaza, nikasema huenda ni bahati mbaya. Koili nazo, zinazopandisha umeme wa cheche, hawakuzibadilisha: kisanduku kinahitaji koili mbili za volti 6 zilizofuatanishwa katika mkondo mmoja, wao wakaacha zile za zamani za volti 12, ndiyo maana cheche ilikuwa dhaifu nami nikawa napiga kiki hadi goti linauma.

Sasa tuingie kwenye kabureta. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kwa sababu hiyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina akili ya kujua iko wapi: inapitisha petroli kulingana na tundu la jeti, kile kijiskrubu kinachopimia mafuta, basi. Jeti inayotosha kule juu, ikishushwa hapa ambapo kila pumzi ya injini hubeba hewa nzito zaidi, huwa ndogo, na mchanganyiko hupungukiwa na mafuta, ukaungua kwa joto kali mno, ilhali petroli ile ile ingesaidia pia kupoza kichwa cha pistoni. Mwanagenzi wa mwezi wa pili analijua hilo. Mafundi wale waliirekebisha injini hadi ikaridhisha masikio yao kwenye barabara za Nairobi, wakaifunga, wakaipakia. Jeti kuu niliyoikuta ndani imechongwa namba 160. Lililonikera kupita kiasi ni kwamba kwenye bahasha ya “vipuri vya ziada” waliyonikabidhi kwa mikono miwili mlikuwa na jeti za 190 na 200, zingali kwenye nailoni yake, hazijaguswa na spana.

Kuhusu taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, nina hasira zaidi, kwa sababu hapo hapakuhitajika hata kujua Malindi iko wapi. Injini hii inataka cheche iruke nyuzi 38 za mzunguko kabla pistoni haijafika kileleni, pale ambapo kisanduku kimekwisha kuisogeza mbele kabisa. Rota yenye sumaku, inayokiashiria kisanduku wakati wa kutoa cheche, hufungwa kwenye ncha ya kamshafti ya egzosi (mhimili unaofungua vali), na kamshafti huzunguka mara moja wakati krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inazunguka mara mbili, hivyo kosa lolote pale kwenye rota huifikia pistoni likiwa maradufu. Ndiyo sababu kupanga kwa jicho hakutoshi, ni lazima injini iwashwe, izungushwe kwa kasi, na imulikwe kwa taa ya taimingi. Watengenezaji wenyewe waliweka kifuniko kidogo cha duara upande wa kushoto, chenye skrubu 3, ukikifungua unaona alama na mshale wake. Baba alizipaka skrubu zile tone la rangi nyekundu ili ajue zikiguswa. Pikipiki ilirudi kutoka Nairobi na rangi ile ikiwa nzima, haina hata ufa.

Nilisafiri nayo siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, nikielekea Kilifi. Hadi Gede ilikwenda vizuri, nami nikajisifu. Tulipoingia kwenye ile barabara iliyonyooka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nikaifungua mafuta, na baada ya muda nikasikia mgongano mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kabla sijaamua kupunguza, nguvu ikakatika na moshi wa oili ukanizingira. Nilirudi Malindi juu ya pikapu ya nazi.

Aliyeifungua ni mzee wetu mmoja, fundi wa injini za mashua, ambaye hakuwahi kuigusa Triumph. Alifunga sahani ya nyuzi, yenye alama za kupimia mzunguko, kwenye krankishafti, akatafuta kilele, kisha akaizungusha taratibu mpaka alama ya rota ikaonekana kwenye tundu lake. Sahani ilisoma 45. Akaniambia, “Mwanangu, hii haikufa njiani. Ilikuja hapa imeshauawa.” Cheche inayowahi kwa nyuzi 7, pamoja na mchanganyiko uliopungukiwa na mafuta, ni moto unaoipiga pistoni ingali inapanda.

Nilipowapigia simu walinijibu kwamba kosa ni petroli ya siku hizi isiyokuwa na madini ya risasi, tena wakaongeza chumvi ya bahari. Petroli ya risasi ilikwisha kuondolewa nchini tangu mwanzoni mwa 2006, na baba aliiendesha pikipiki hii kwa petroli hiyo hiyo ya vituo vya hapa miaka mingi baada ya hapo, kwa platini zake na Amal zake zilizochakaa, na pistoni hazikutoboka. Chumvi nayo huila waya na viunganishi kwa miezi, haitoboi alumini kati ya Malindi na Sokoke. Walipoishiwa hoja wakasema niilete tena Nairobi “waiangalie”, kwa gharama zangu.

Siipeleki. Nimewaandikia nikidai bei ya pistoni mbili, kazi ya kuchonga silinda na kile kisanduku walichokiunguza, na nimeambatisha picha za sahani ya nyuzi, za jeti ndani ya nailoni na za risiti yao ya kalamu ya bluu. Wamezisoma, hawajajibu. Wakati nasubiri, naomba mwenye kumfahamu fundi wa Mombasa mwenye mashine ya kuchonga silinda, anayepima kwa maikromita wala si kwa kidole, anielekeze. Silinda ya kushoto ina mkwaruzo unaoshika ukucha, kwa hiyo nahitaji pistoni zilizozidi kipimo cha asili kwa inchi 0.020, zote mbili. Mwenye nazo aniambie bei.