Kadherini-E imepotea kwenye majibu ya shangazi: ina maana gani?

Muulizaji, Arua
Habari zenu ndugu. Shangazi alijipapasa titi akahisi pagumu kama unga uliokandwa, si uvimbe wa mviringo. Majibu yametoka Kampala: saratani ya lobula (vijitezi vya maziwa ndani ya titi), protini ya kadherini-E haipo. Nasoma baiolojia mwaka wa pili, lakini maneno hayo yameninyima usingizi. Protini moja ikikosekana, mbona seli ziachane?

Fundi wa maabara, Kampala
Pole sana, na shangazi mfikishie salamu. Kadherini-E ni mkono ambao seli hushikana nao na jirani yake. Ila mkono bila bega haushiki kitu. Ndani ya seli, mkia wake hushikwa na protini beta-katenini, nayo hushikwa na protini nyingine, alfa-katenini, ambayo huufunga kwenye aktini, nyuzi za ndani ya seli zinazovuta. Aktini ikivuta, kiungo hukaza. Mkono ukipotea, mara nyingi kwa hitilafu ya CDH1, jeni ya kuunda kadherini-E, seli hupenya mojamoja. Naziona kwenye darubini zikifuatana kama siafu njiani. Ndiyo maana shangazi hakuhisi uvimbe wa mviringo, na hata mamografia, picha ya eksirei ya titi, huweza kuikosa saratani hii.

Muulizaji
Kwa hiyo aktini nayo imeharibika?

Fundi wa maabara
La, ingali inafanya kazi, na hilo ndilo linaloniumiza. Hushika tishu za jirani kupitia protini nyingine, talini, vinkulini na integrini, seli ikasonga mbele.

Muuguzi, Gulu
Mdogo wangu, ulizeni kipimo cha kipokezi cha estrojeni, yaani protini ya seli inayopokea homoni hiyo. Aina hii mara nyingi huwa nacho, na tamoksifeni, dawa ya kukizuia, husaidia. Nenda naye kliniki, asiende peke yake.